Ruzuku zisizo na masharti: Fedha zinazomnunulia msanii muda

MWISHONI mwa mwaka 1936, mwandishi Mmarekani mweusi Zora Neale Hurston alikuwa nchini Haiti. Wakfu wa Guggenheim wa New York ulikuwa umempa ufadhili ili achunguze imani na desturi za jadi za watu wa visiwa vya Karibea.

Kazi hiyo aliifanya, na kitabu kilichotokana nayo kikatoka mwaka 1938. Lakini katikati ya safari alikaa chini kwa muda wa wiki saba akaandika kitu ambacho hakuwa ametumwa. Ilikuwa riwaya, Their Eyes Were Watching God, iliyochapishwa mwaka 1937 na ambayo leo ni nguzo mojawapo ya fasihi ya Wamarekani weusi.

Wakfu haukumdai pesa zake. Ulimwongezea ufadhili kwa mwaka wa pili.

Hiyo ndiyo ruzuku isiyo na masharti. Mhisani humteua mtu, humkabidhi fedha, kisha hujiondoa. Hampi mada, hamwekei tarehe ya kukamilisha kazi, wala hamtaki arejeshe stakabadhi za matumizi. Msanii akitaka kulipa karo ya mtoto, kununua rangi, kutibiwa meno au kulala mchana kutwa akiwaza, hayo ni yake.

Ni vyema kuitofautisha na jamaa zake, kwa maana mara nyingi huchanganywa nazo. Tuzo hulipia kazi iliyokwisha kufanywa. Uagizaji hulipia kazi ambayo mwenye fedha anaitaka. Ufadhili wa mradi hulipia jambo lililoelezwa kwenye fomu, kwa bajeti iliyopigiwa hesabu hadi nauli ya mpiga ngoma. Ruzuku tunayoizungumzia hulipia muda wa mtu, na muda ndio bidhaa ambayo msanii anayeishi kwa vibarua huikosa kuliko zote.

Nchini Marekani, ambako utaratibu huu umekita mizizi kuliko kwingineko, chanzo chake kilikuwa msiba. Simon Guggenheim, tajiri wa migodi aliyewahi kuwa seneta wa jimbo la Colorado, alifiwa na mwanawe John mnamo Aprili 1922. Kijana huyo alikuwa na umri wa miaka 17. Mwaka 1925 Guggenheim na mkewe, Olga, walianzisha wakfu kwa jina la marehemu.

Tangu hapo zaidi ya watu 18,000 wamefadhiliwa: washairi, wachoraji, watunzi wa muziki, na pia wanasayansi na wanahistoria. Mwombaji hueleza anachonuia kufanya, lakini akishapewa fedha ana uhuru wa kuzitumia apendavyo. Kisa cha Hurston ni ushahidi tosha.

Neno wakfu lenyewe halitupi shida sisi wa pwani na bara. Tumelipata kutoka kwa Kiarabu, na kwa karne nyingi limetumiwa kwa mali iliyofungwa isiuzwe, ili mapato yake yaendeshe msikiti, kisima au madrasa. Mashirika haya ya Marekani hufanya kazi kwa kanuni isiyo mbali na hiyo. Mtaji huwekwa kwenye vitega uchumi, na kinachogawanywa ni sehemu yake tu. Sheria ya huko huyataka mashirika ya aina hiyo kutoa takriban asilimia tano ya thamani ya mali yao kila mwaka.

Si matajiri wa migodi pekee waliojitosa katika jambo hili. Mwaka 1963 mtunzi wa muziki John Cage na mchoraji Jasper Johns walianzisha shirika ambalo sasa huitwa Foundation for Contemporary Arts. Hoja yao ilikuwa sahili. Mchoraji ana kitu cha kuning'iniza ukutani na kukiuza. Mcheza dansi, pazia likishafungwa, hana cha kuuza. Basi wachoraji walitoa picha zao, zikauzwa katika jumba moja la sanaa mjini New York, na pesa zikawaendea wenzao wa jukwaani. Kichocheo kilikuwa hamu ya kumchangia mcheza dansi Merce Cunningham.

Mpango huo ungalipo. Zaidi ya wasanii 1,000 wameshatoa kazi zao ziuzwe kwa faida ya wenzao. Huo, kwa maoni yangu, ni mfano mzuri kuliko wote, kwani mtoaji anaijua njaa ya mpokeaji.

Wengine walitoa wakiwa kaburini. Mchoraji Adolph Gottlieb alifariki mwaka 1974, na kwa wasia wake ukaundwa wakfu wa kuwasaidia wachoraji na wachongaji waliofanya kazi kwa angalau miaka 20. Vijana hawamo. Gottlieb na mkewe, Esther, waliona kuwa chipukizi husifiwa na kila mtu, ilhali mzee aliyechoka na asiyejulikana husahaulika.

Mchoraji Lee Krasner naye aliaga dunia mwaka 1984. Mumewe, Jackson Pollock, alikuwa amekufa katika ajali ya gari mwaka 1956, kabla picha zake hazijapanda bei hadi ya mamilioni. Krasner aliacha mali ya takriban dola milioni 23, ikiwemo michoro yao wote wawili. Wakfu wa Pollock-Krasner ulianza mwaka uliofuata na umeshawafikia wachoraji wa zaidi ya nchi 70. Hutazama mambo mawili: ubora wa kazi na hali ya mfuko wa mwombaji. Kodi ya nyumba na gharama za matibabu ni matumizi halali.

Hata hivyo, anayetajwa zaidi magazetini ni marehemu John D. MacArthur. Mzee huyo alitajirika kwa biashara ya bima jijini Chicago na akafa mwaka 1978. Inasimuliwa kwamba aliwaambia wasimamizi wa mali yake kuwa yeye amejua kuzichuma pesa, na wao wajue kuzitumia.

Wazo walilolichukua lilitokana kwa sehemu na makala ya daktari wa moyo, George Burch, aliyelalamika mwaka 1976 kwamba watafiti wenye vipaji hupoteza muda mwingi wakiandika maombi ya fedha na kujieleza kwa wafadhili. Wapeni pesa, waacheni, alishauri.

Wafadhiliwa wa kwanza wa MacArthur walitangazwa mwaka 1981. Utaratibu wao ni wa siri kiasi cha kuchekesha. Hakuna fomu ya kuomba. Watu wasiotajwa hupendekeza majina, kamati isiyotajwa huyachuja, na mteuliwa hapati habari hadi simu ilie. Kila mwaka huteuliwa kati ya watu 20 na 30, na sharti wawe raia au wakazi wa Marekani.

Kiasi kilipandishwa mwaka 2022 kutoka dola 625,000 hadi dola 800,000, zinazolipwa kidogo kidogo kwa miaka mitano. Ukigawanya, ni dola 40,000 kila miezi mitatu. Miongoni mwa waliopata kuitwa kwa simu hiyo ni mchoraji Julie Mehretu, mzaliwa wa Addis Ababa, mwaka 2005, na mwandishi wa Nigeria Chimamanda Ngozi Adichie, mwaka 2008.

Huenda msomaji akauliza: serikali ya nchi tajiri kama hiyo ilikuwa wapi? Ilikuwepo, kisha ikaondoka, na namna ilivyoondoka ni sehemu muhimu ya habari hii.

Tangu mwaka 1965 Marekani ilikuwa na idara ya taifa ya kufadhili sanaa, ambayo miongoni mwa kazi zake iliwapa ruzuku wasanii mmoja mmoja. Mwishoni mwa miaka ya themanini wanasiasa wahafidhina walianza kupiga kelele kuhusu picha na maonyesho waliyoyaona kuwa machafu au ya kuikashifu dini. Mwaka 1990 mkuu wa idara hiyo aliwanyima ruzuku wasanii wanne wa jukwaani ambao jopo la wataalamu lilikuwa limewapitisha. Waliishtaki idara, wakalipwa mwaka 1993. Lakini kipengele cha sheria kinachoitaka idara izingatie staha kilifika Mahakama ya Juu, na mwaka 1998 majaji wakakiidhinisha.

Kabla ya hukumu hiyo, Bunge la Congress lilikuwa limekwisha kukata mzizi wenyewe. Bajeti ya mwaka 1996 ilishushwa kutoka dola milioni 162 hadi takriban dola milioni 99, na ruzuku kwa msanii binafsi zikafutwa karibu zote. Waandishi walisazwa, pamoja na heshima chache kama zile za wakongwe wa jazi na wa sanaa za jadi. Wachoraji, wachongaji na wacheza dansi walifungiwa mlango.

Mwaka huohuo wa 1996, wanawake 10 wasanii walipata barua kutoka kwa shirika wasilolifahamu. Kila mmoja alipewa dola 25,000. Shirika lilijiita Anonymous Was A Woman, jina lililotokana na hoja ya mwandishi Mwingereza Virginia Woolf kwamba kazi nyingi zisizo na jina la mtunzi huenda zilitungwa na wanawake. Sharti la kuteuliwa lilikuwa mtu awe mwanamke, awe msanii, na awe amevuka miaka 40.

Umri huo haukuchaguliwa ovyo. Ni wakati ambapo msanii si chipukizi tena wa kushangiliwa wala si gwiji wa kutunukiwa. Kwa mwanamke ni wakati ambapo watoto, wazazi wakongwe na kibarua cha kufundisha humla muda wote. Wengi huacha hapo. Nakshi za nani, vitambaa vya nani na nyimbo za harusi za nani zilizopotea kwa njia hiyohiyo katika ardhi yetu, hilo kila mmoja ajaze mwenyewe.

Mwaka baada ya mwaka barua zilitoka, 10 kwa 10, na hakuna aliyemjua mtoaji. Ilipofika Julai 2018 ndipo mpiga picha wa New York, Susan Unterberg, alipojitokeza. Fedha zilikuwa za urithi kutoka kwa babake. Kufikia hapo alikuwa ametoa dola milioni 5.5 kwa wanawake 220, na kwa miaka yote hiyo 22 naye alikuwa msanii miongoni mwao, akikutana nao kwenye maonyesho pasipo wao kujua. Alieleza kuwa alijificha ili kazi yake ya sanaa isije ikatazamwa kwa jicho la fedha zake, na kwamba alijitokeza ili aweze kuwatetea wanawake waziwazi.

Pamoja na sifa zote hizo, ruzuku hizi zina kasoro ambazo si haki kuzifumbia macho.

Kwanza ni suala la mchaguzi. Pale ambapo hakuna fomu ya kuomba, bahati ya msanii hutegemea kujulikana na mtu anayejulikana. Mchongaji aliye mji mdogo, asiye na rafiki mwenye kiti cha uprofesa, jina lake litapendekezwa na nani? Mashirika yenyewe hukiri ugumu huu, na hubadilisha wapendekezaji kila mara ili wigo upanuke. Lakini mlango usio na kitasa upande wa nje hubaki vilevile hata ukipakwa rangi mpya.

Pili, ruzuku huisha. Hurston, tuliyeanza naye, alifariki mwaka 1960 katika makao ya maskini huko Florida na akazikwa katika kaburi lisilo na alama. Ilibidi mwandishi Alice Walker alitafute mwaka 1973 na kuweka jiwe. Miaka miwili ya Guggenheim ilimpa riwaya, haikumpa uzee.

Tatu ni sheria na kodi. Tangu mwaka 1969 wakfu wa binafsi nchini humo unaotaka kumpa mtu mmoja mmoja fedha za aina hii hauna budi kuidhinishiwa kwanza utaratibu wake na mamlaka ya kodi, na mashirika mengi huona ni nafuu kuyapa majumba ya makumbusho kuliko kumpa mtu. Nayo sheria ya mwaka 1986 iliziweka tuzo na ruzuku hizi katika mapato yanayotozwa kodi. Zile laki nane za MacArthur, basi, hazimfikii mtu zote.

Nne, na hili linatuhusu sisi moja kwa moja, ni suala la mkono ulio nyuma ya mkono. Mwaka 1962 waandishi wa Afrika walikutana Makerere, jijini Kampala, katika kongamano ambalo hadi leo hutajwa kila fasihi ya Afrika inapojadiliwa. Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwepo, wakati huo akiitwa James Ngugi na angali mwanafunzi. Mwaka uliofuata mwandishi wa Afrika Kusini Ezekiel Mphahlele alianzisha kituo cha utamaduni cha Chemchemi hapa Nairobi. Gharama za kongamano na za kituo zilisaidiwa na shirika la Congress for Cultural Freedom lenye makao yake Paris, ambalo pia lilisaidia jarida la Transition la Rajat Neogy.

Kati ya mwaka 1966 na 1967 ikafichuka kwamba shirika hilo lilikuwa likipata fedha kutoka kwa idara ya ujasusi ya Marekani, CIA, zikipitishwa katika wakfu za kujificha. Wengi wa waliofaidika hawakuwa wameelezwa chanzo cha fedha hizo. Hakuna aliyeamrishwa aandike nini. Masharti hayakuwepo karatasini. Neogy hata hivyo aliumia na jarida lake likaingia doa. Tangu hapo swali la nani anatoa limekuwa na uzito kuliko la kiasi gani anatoa.

Tukija karibu zaidi na wakati wetu, Afrika Mashariki imeonja ruzuku hizi mara chache. Mfano bora ni wa Jennifer Nansubuga Makumbi wa Uganda. Riwaya yake, Kintu, ilikataliwa na wachapishaji wa Uingereza, anakoishi. Ilishinda shindano la miswada la Kwani? jijini Nairobi mwaka 2013 na ikachapishwa hapahapa mwaka 2014. Mwaka 2018 aliarifiwa kwamba ameteuliwa kupokea dola 165,000 za Windham-Campbell.

Fedha hizo hutokana na mali ya mwandishi Mmarekani Donald Windham, aliyefariki mwaka 2010, na husimamiwa na Chuo Kikuu cha Yale. Huitwa tuzo, lakini haziombwi, wala mpokeaji haulizwi atazifanyia nini. Sharti moja lipo, nalo linamgusa kila msomaji wa ukurasa huu: mwandishi sharti awe anaandika kwa Kiingereza. Aandikaye kwa Kiswahili, hata awe na kalamu ya dhahabu, hamo.

Kwa Kiswahili tunayo tuzo iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, kwa fedha za kampuni za Mabati Rolling Mills na Safal na za Chuo Kikuu cha Cornell. Jumla ya zawadi ilikuwa dola 15,000, na washindi wa kwanza, Anna Samwel Manyanza na Mohammed Ghassani, walipatikana mwaka 2015. Ni jambo la kupongezwa mno. Lakini ni tuzo ya mswada uliokamilika. Mtunzi hujitafutia mwenyewe unga wa kula kwa miezi yote anayoandika, kisha hungoja.

Wakfu wa Miles Morland wa Uingereza ulijaribu njia ya katikati. Ulipoanza kuwafadhili waandishi wa Kiafrika mwaka 2013, ulitoa pauni 18,000 ili mtu aandike kwa mwaka mzima. Hata hivyo alitakiwa kutuma maneno 10,000 kila mwezi, na kwa ahadi ya heshima arejeshe asilimia 20 ya mapato ya kitabu. Wapo watakaosema masharti hayo ni mazuri kwa mvivu. Nami nimekaa na waandishi miaka mingi kwenye dawati la uhariri kiasi cha kujua kwamba wapo wanaohitaji fimbo, na wapo ambao fimbo hiyohiyo huwakausha.

Mazoea yetu wenyewe yameelemea upande wa mradi. Tangu miaka ya tisini vikundi vya maigizo nchini vimeishi kwa michezo kuhusu Ukimwi, elimu ya uraia, ukeketaji na amani wakati wa uchaguzi. Mada hizo zilikuwa za lazima, na baadhi ya michezo iliokoa maisha. Lakini kizazi kizima cha waigizaji kilijifunza kuanza na tangazo la mfadhili badala ya kuanza na jambo linalomkereketa moyoni.

Janga la Covid-19 lilileta jaribio jingine. Majumba yalipofungwa, mashirika saba ya Marekani yaliungana Aprili 2020 na kuanza kugawa dola 5,000 kwa kila msanii aliyechaguliwa, apendavyo azitumie. Mwaka 2022 jimbo la New York lilishuhudia mpango mkubwa zaidi, ambao fedha zake zilitoka hasa kwa Wakfu wa Mellon. Wasanii 2,400 walipewa dola 1,000 kila mwezi kwa miezi 18. Hawakupimwa ubora wa kazi zao hata kidogo. Walioonyesha uhitaji waliingizwa katika bahati nasibu iliyowapendelea waliotengwa zaidi, na suala la nani anamjua nani likaisha.

Kwa mchoraji au mchongaji wa Kenya anayetaka kujaribu leo, simu ya MacArthur haimhusu akiwa hapa nyumbani. Milango ya Pollock-Krasner ndiyo iliyo wazi, kwani hupokea maombi kutoka nchi yoyote na mtu hujiombea mwenyewe. Huhitaji picha za kazi zake, maelezo ya alikoonyesha, na hesabu ya kweli ya mapato na mahitaji yake. Ruzuku ni ya hadi dola 50,000 kwa mwaka mmoja. Fomu hujazwa kwa Kiingereza.